Roho ya Mahabusu ni Amana

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyejiharamishia dhulma na akaifanya kuwa haramu baina ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu, mliokusanyika msikitini na mnaotusikiliza majumbani mwenu, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu.

Khutba ya leo tumeitayarisha kwa sababu tumeulizwa. Mzee mmoja wa Nambis, huko kwenye miinuko ya Mbulu, alitukabili baada ya sala akatuuliza swali ambalo hatukutaka kulijibu kwa haraka tukiwa tumesimama mlangoni. Alisema: kijana akishukiwa wizi wa ng'ombe, akachukuliwa na askari hali ya kuwa mzima, akaingia kituoni kwa miguu yake, kisha siku ya tatu jamaa zake wakaitwa kuchukua maiti, je, dini yetu inatutaka tuseme ni kadari tumzike, au ipo haki ya kudaiwa?

Tulifahamu kwa nini aliuliza. Katika nyumba zetu nyingi neno kadari limekuwa kama kifuniko cha chungu: likishatajwa, hapana tena mtu wa kufunua kutazama kilichomo. Ni kweli kwamba hafi mtu ila kwa ajali yake. Lakini ajali ya maiti haimsafishi muuaji. Lau ingemsafisha, Mwenyezi Mungu asingeweka hukumu ya kisasi wala ya dia, na asingetufahamisha katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuiua nafsi moja bila ya haki ni kama aliyewaua watu wote. Basi jibu letu kwa mzee yule ni hili: haki ipo, na yenye nguvu.

Tuanze na paka. Wanafunzi wa madrasa wanaijua hadithi hii tangu udogoni, nayo imo katika Bukhari na Muslim: mwanamke mmoja aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Hakumlisha alipokuwa amemfunga, wala hakumwachilia akajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi wetu tumeifanya kuwa hadithi ya huruma kwa wanyama, tukaishia hapo. Itazameni tena. Kosa la mwanamke yule lilikuwa ni kufunga mlango, kisha asitekeleze linalomlazimu aliyefunga mlango. Paka aliye huru ana njia zake. Aliyefungiwa hana njia ila mkono wa aliyemfungia. Ikiwa hesabu ya paka ni hiyo, itakuwaje hesabu ya mwanadamu?

Wala wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili katika mawaidha tu. Imam Nawawi, katika Minhaj, kitabu ambacho watu wa madhehebu ya Shafi wa mwambao na bara wamekisoma kizazi baada ya kizazi, amelitia katika mlango wa jinai: mwenye kumfungia mtu akamzuilia chakula na kinywaji na njia ya kuvitafuta hata akafa, ukiwa umepita muda ambao mfano wake kwa kawaida hufa, basi huko ni kuua kwa kukusudia. Hapana upanga hapo wala fimbo. Kufunga na kunyima kumetosha. Na aliyezidisha kwa kumpiga aliyefungwa mikono, yeye hata hahitaji mlango huu. Mlango wake ni ule wa wazi zaidi.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya watu binafsi, ama askari ni mkono wa serikali, amepewa amri na ana kazi ya kuadabisha. Hoja hiyo si ngeni. Sayyidna Omar (r.a.), akiwa Khalifa, alituma mjumbe kumwita mwanamke mmoja. Mwanamke yule akashikwa na hofu njiani, akaharibu mimba. Omar akawataka shauri masahaba. Walikuwapo waliomwambia kwamba hana lawama, kwani yeye ni mwenye kuadabisha watu. Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa amenyamaza. Alipoulizwa, alisema kwamba dia ni juu ya Omar, kwani yeye ndiye aliyemtia hofu. Naye Omar akaikubali kauli hiyo, akaziacha zile za kumpendeza. Mwanamke yule hakuguswa hata kwa kidole, naye aliyemwita alikuwa mkuu wa dola.

Na kabla ya Omar, Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifikwa na jambo zito zaidi. Mwaka wa 8 Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, Khalid bin Walid alitumwa kwa Bani Jadhima. Watu wale wakasalimu amri kwa maneno ambayo Khalid hakuyaridhia, akawafunga, kisha akaamuru mateka wauawe. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), hakusema kwamba Khalid ni shujaa wetu tumsitiri, wala hakungoja watu wasahau. Aliinua mikono yake akajitenga na alilolifanya Khalid, mbele ya watu, mara mbili. Kisha akamtuma Sayyidna Ali na mali, akalipa dia ya waliouawa na thamani ya vilivyoharibika, mpaka chombo cha kunyweshea mbwa. Mwanafunzi makini atauliza: mbona Khalid hakulipiziwa kisasi? Wanazuoni wamejibu kwamba aliteleza katika kufahamu maneno yao, na kosa la kuteleza lina hukumu yake mbali na la kukusudia. Ndiyo maana kuna mizani ya kadhi: ipime yupi alikusudia, yupi aliteleza, yupi aliamuru na yupi alitazama tu. Asiyepelekwa mbele ya mizani hapimwi, naye asiye na hatia hubaki na uvundo wa mwenzake.

Sasa tuje nchini kwetu, kwani haya si ya Makka peke yake. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa katika msako wa kukomesha mauaji ya vikongwe waliodhaniwa wachawi. Nia ya msako ilikuwa njema, na yafaa kulisema hilo. Lakini waliokamatwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na pamoja naye Bwana Peter Siyovelwa aliyekuwa Waziri wa Nchi. Mzee Mwinyi hakumpiga mtu wala hakuwapo. Alijiuzulu kwa kuwa waliopiga walikuwa chini ya wizara yake. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, alikuwa Rais wa Jamhuri, na alipofariki Februari 2024 watu walikuwa wangali wakilitaja tendo lile kwa heshima. Hata hivyo tusichanganye mambo mawili. Kujiuzulu kwa waziri hakukuwa badala ya mahakama. Maofisa wa polisi na wa usalama walishitakiwa, wakatiwa hatiani. Palihitajika yote mawili.

Baadaye haki ilikwenda kwa mwendo wa kuchechemea. Tarehe 14 Januari 2006 wafanya biashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi walikamatwa Sinza, Dar es Salaam, wakapelekwa msitu wa Pande wakauawa kwa risasi. Umma ukaambiwa kwamba ni majambazi waliokufa katika mapambano. Iliundwa tume chini ya Jaji Musa Kipenka, nayo haikuiona kweli katika maneno hayo. Polisi wakashitakiwa, akiwamo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, ikawaacha huru wengine akiwamo Zombe. Miaka 10 kwa maiti 4! Mwaka huo huo askari mmoja alihukumiwa Iringa kifungo cha miaka 15 kwa kumuua bila kukusudia mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, mwaka 2012.

Na Januari 2022, huko Mtwara, kijana mfanya biashara ya madini alikufa mikononi mwa polisi aliokuwa akiwadai fedha zake. Jeshi la Polisi lilianza kulichunguza lenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan akasema hadharani kwamba hilo halifai, akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu nyingine. Maofisa saba wakafikishwa mahakamani, na Juni 2025 Mahakama Kuu ikawaona wawili kuwa na hatia ya mauaji, na watano ikawaachia. Angalieni namna mizani ilivyopima: si wote, wala si hapana hata mmoja.

Lile la kujichunguza ndilo tunaloliona kuwa ndio kiini cha ugonjwa. Katika fiq-hi ushahidi wa mtu kwa ajili ya nafsi yake haukubaliwi, hata akiwa mchamungu, na kadhi hahukumu katika kesi yake mwenyewe. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 135, ametutaka tusimame kwa uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Askari na askari mwenziwe ni jamaa. Hatusemi kwamba wote ni waovu. Wapo wanaokesha katika baridi ya Mbulu ili sisi tulale, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini hata huyo mwema tusimtwike mzigo wa kumchunguza anayekula naye sahani moja.

Basi jamaa wafanye nini? Wajue kwanza kwamba sheria imewapa la kushika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka muda wa saa 4 za mwanzo za kumhoji aliyekamatwa, nao huongezwa kwa utaratibu tu, na imeamuru atendewe kwa ubinadamu. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka kifo cha aliye chini ya polisi au gerezani kichunguzwe na korona, ambaye kwa kawaida ni hakimu, si askari. Jamaa wana haki ya kuuliza: korona ameketi lini? Nani alikuwa zamu usiku ule? Kitabu cha kituo kimeandika nini? Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliyoanza kazi mwaka 2001, inayopokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Hapa ndipo mzee wa Nambis alipotutia katika uzito. Alisema: sisi Waislamu huharakisha maziko, na maiti wetu hatutaki apasuliwe. Ni kweli kuharakisha ni sunna, na ni kweli Mtume (s.a.w.) amefananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuvunja wa aliye hai. Lakini wanazuoni hao hao wa Shafi wameruhusu tumbo la maiti lipasuliwe akiwa amemeza mali ya mwenyewe na mwenyewe anaidai, na la mama aliyekufa akiwa na mtoto anayetarajiwa kuishi. Ikiwa lapasuliwa kwa ajili ya dinari, je, lisipasuliwe kwa ajili ya damu? Kwa hiyo tunasema, na wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema: palipo na shaka ya dhulma, daktari na aichunguze maiti, kwa heshima na kwa kiasi cha haja, na kuchelewa siku moja au mbili si dhambi. Msitie sahihi karatasi msiyoifahamu ili mpewe maiti upesi. Aliyezikwa bila ya kuchunguzwa amezikwa pamoja na ushahidi wake.

Na katika Suratul Israi, aya ya 33, walii wa aliyeuawa kwa dhulma amepewa nguvu ya kudai, na papo hapo akakatazwa kupindukia. Kuchoma kituo au kumvizia askari njiani ni kupindukia.

Limebaki moja, nalo litatuuma sisi wenyewe. Nuuman bin Bashir alipokuwa amiri, watu walioibiwa mali waliwatuhumu wafumaji fulani. Akawaweka siku chache, kisha akawaachilia. Walioibiwa wakaja juu: umewaachilia bila kuwapiga? Imo katika Abu Daud kwamba aliwajibu: mkitaka nitawapiga, mali yenu ikitoka, vyema, na isipotoka nitachukua katika migongo yenu mfano wa nilichochukua katika migongo yao. Wakanyamaza. Ndugu zetu, ni mara ngapi ng'ombe wamepotea, tukaenda kituoni tukasema, mkamueni huyo mpaka aseme? Yupo aliyetoa hata nauli na chakula cha askari ili kazi hiyo ifanyike. Kisha kijana akifa tunakwenda matangani, tunakaa jamvini pamoja na baba yake.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa nyuma ya milango iliyofungwa bila ya mtu wa kuwatamkishia shahada. Wape subira wazazi wao na wape ulimi wa kudai. Wape mahakimu wetu moyo usioogopa sare wala cheo. Amin.