Tuliyoyaona Bustanini Bujumbura

Maneno ya wajumbe wa ziara, Siku ya Wakimbizi, 20 Juni



Sisi wajumbe wa ziara ya kwenda kuona tumekwisha kutoa taarifa ya viwanja, shule na zahanati, na Katibu ameibandika ubaoni. Leo tutasema jambo lisilomo katika taarifa ile, maana hakuna aliyetutuma kulitazama. Tulipewa alasiri moja ya mapumziko mjini Bujumbura, nasi tukaenda Musée Vivant.

Waliokulia Buyenzi na Bwiza wanatuelewa. Kwa wengine tueleze: ni bustani ya mimea na wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1977, si mbali na ziwa. Kuna mamba, nyoka, ndege, na nyumba ya nyasi ya mtindo wa kale wa Kirundi. Walimu walitupeleka huko miaka ya 1980, tumeshikana mikono wawili wawili, kaptula zimepigwa pasi. Mtoto mfupi alinyanyuliwa na mkubwa ili achungulie juu ya ukuta wa mamba, naye alipiga kelele kabla hajaona kitu. Mlinzi alitutisha kwamba mwenye kelele ndiye chakula cha saa kumi.

Mwaka 1995 tulitoka mjini, kila mtu na njia yake. Tulirudi Burundi kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, tukatoka tena 2015. Miaka ile miwili na ushei hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda bustanini. Tulikuwa tukihangaikia mashamba na vitambulisho. Nani angelipa kiingilio amtazame mamba?

Safari hii tulilipa. Ukuta ule sasa unatufika kiunoni. Tulisimama pale watu wazima wanne, mamba amelala, kinywa wazi, hatikisiki. Njia tuliyoikumbuka kuwa safari ndefu tuliimaliza kabla mmoja wetu hajamaliza pakiti ya karanga. Harufu ndiyo haikubadilika: maji ya kijani na majani yaliyooza. Kwa harufu ile mwenzetu mmoja alikaa chini, hakusema neno kwa muda.

Tuliongea pia habari za sokwe. Vita vilipoanza 1993, sokwe yatima waliokuwa wakitunzwa katika kituo kimoja mjini humo walianza kuhamishiwa Kenya, huko Sweetwaters karibu na Nanyuki. Kumbe hata sokwe walikuwa wakimbizi, na walitutangulia. Wageni wetu wa mashirika watusamehe, lakini wale hawakupangwa foleni wala kuhojiwa.

Pamoja nasi alikuwako mjumbe wa vijana, aliyezaliwa kambini. Habari za bustani hii amezisikia tangu utoto. Sisi ndio tuliomwambia kwamba mamba wa Bujumbura ni mrefu kama lori la mgao. Alimtazama mamba, akatutazama sisi, akauliza kwa adabu: "Wazee, ndiye huyu?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akauliza la pili: "Na kile kisima cha nyumbani, na ile miembe, navyo ni hivi hivi?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Kwa miaka mingi, mgao ukichelewa, tumewashibisha watoto wetu maneno. Hatukukusudia kudanganya. Mtoto alipima mamba kwa kimo chake, kisha akakimbia na kipimo hicho, asipate nafasi ya kurudi kupima upya. Lakini vijana hawa wanaulizwa kama watajiandikisha kurudi, na wengi watajibu kwa kutegemea maneno yetu. Mtu akiuza mbuzi na vyombo vyake kwa sababu ya miembe tuliyomkuzia sisi, lawama atampa nani?

Kwa hiyo tukampeleka akaone na mengine. Tulishuka hadi ufukweni. Mwaka 2020 Mto Rusizi ulifurika ukaingia Gatumba, watu wakahama kwa maelfu. Na 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kukaribia kimo cha 1964, ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Mahali tulipochezea mpira hatukupapata. Tulibishana wenyewe kwa wenyewe, huyu aonyesha huku, yule kule, na kijana anatusikiliza. Milima ya Kongo ng'ambo ya maji ilikuwa palepale. Hiyo alikiri kwamba hatukuiongezea chumvi.

Kijana huyo ameketi safu ya pili. Baada ya ngoma atakuwa chini ya mwembe wa ofisi ya Kamati mpaka jua litue. Mwulizeni yeye, hasa ninyi vijana. Tumekubaliana kwamba atakapokuwa akisema, sisi wazee hatutamkatiza wala kumwongezea.