Nyumba Njema Si Mlango

Kama mko jikoni mkingoja chai ichemke, au mko njiani kwenda kazini, twawaomba mtupe dakika chache tu. Leo twataka kusema nanyi juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekishika kwa mkono asubuhi hii kabla ya kuanza kazi ya siku, nacho ni mlango wa nyumba.

Katika mwaka 2018 tulikwenda Uingereza, sisi na mama wa nyumba yetu, kusaidia kazi ya kanisa kwa muda wa mwaka mmoja. Tulikaa Leeds, mji wa kaskazini, katika nyumba ya matofali mekundu iliyoshikana na nyingine kulia na kushoto. Mlango wa mbele ulikuwa karibu kabisa na barabara. Ulikuwa mlango wa mbao, mzee sana. Wakati wa mvua ulifura, hata ikatulazimu kuusukuma kwa bega. Wakati wa jua ulisinyaa, na upepo ukapita pande zote nne. Kila jioni mama alikunja blanketi kuukuu na kuliweka chini yake. Lakini mlango ule ulikuwa na wema mmoja ambao hatukuutambua mpaka ulipoondolewa: mtu akisimama nje, tulimsikia.

Nyumba iliyofuata alikaa bibi mmoja mjane, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Alikuwa akija jioni, akigonga kifuniko cha tundu la barua. Mama akamfundisha desturi yetu ya kupiga hodi. Bibi yule akaipenda sana. Tangu siku hiyo hakugonga tu, bali alisimama pale nje na kuita kwa ulimi wake wa Kiingereza, "Hodi! Hodi!" nasi tukamjibu kutoka jikoni, "Karibu!" Majirani walicheka, lakini yeye hakujali.

Basi, wazee wa kanisa walipoliona lile blanketi, wakaona aibu, wakaamua mlango ubadilishwe. Wakachagua ule ambao Waingereza huuita mlango wa kompoziti, yaani uliotengenezwa kwa vitu mbalimbali vilivyounganishwa. Kwa nje ni plastiki ngumu iliyotiwa nyuzi za kioo, nayo imechapwa mistari hata ukiitazama wadhani ni mbao. Ndani yake mna povu gumu linalozuia baridi. Unene wake wote ni kama milimita 44 tu. Haufuri wala hausinyai kama ule wa mbao, wala hauhitaji kupakwa rangi kila mara.

Fundi aliyekuja siku ya kwanza hakuleta mlango. Alileta utepe wa kupimia. Alipima upana mahali 3, juu, katikati na chini. Akapima kimo mahali 3 vile vile. Tulipomwuliza sababu, alisema nyumba za zamani ni nadra kuwa na pembe iliyonyooka, hivyo asipime mara moja na kuamini. Akachukua kipimo kidogo kuliko vyote, akapunguza kama milimita 10, ili apate nafasi ya kuunyosha mlango katika ukuta ambao wenyewe haukunyoka. Kisha tukangoja majuma kadhaa.

Siku ilipofika wakaja mafundi wawili asubuhi na mapema. Sisi tulidhani wataondoa mlango wa zamani na kutundika mpya katika bawaba zile zile. Kumbe sivyo! Waling'oa mlango, wakang'oa na fremu yake, mpaka tukaona matofali matupu. Nyumba ikabaki wazi, baridi ikaingia mpaka chumba cha mwisho. Tukauliza, "Fremu hii ina ubaya gani? Si ilipakwa rangi juzi?" Fundi hakutujibu kwa maneno. Alichukua bisibisi, akaibonyeza chini ya mwimo, pale palipokuwa na rangi nzuri nyeupe. Bisibisi ikazama kama imeingia katika ugali. Ndipo akasema, "Mchungaji, kitasa kipya kitashika nini hapa?"

Wapendwa, hapo pana somo letu la kwanza. Wengi wetu twapenda Mungu atubadilishie mlango, yaani lile ambalo watu huliona: maneno yetu, mavazi yetu ya Jumapili, jina letu katika kanisa. Lakini hatutaki aiguse fremu. Hatutaki aguse jinsi tunavyopata fedha, wala jinsi tunavyosema na wake zetu usiku mlango ukiisha kufungwa. Bwana Yesu alifundisha katika Mathayo sura ya 9 kwamba mtu hashoni kiraka kipya katika vazi kuukuu, wala divai mpya haitiwi katika viriba vikuukuu. Naye Bwana akianza kazi ya kweli ndani yetu, kuna saa ambayo nyumba itabaki wazi na baridi itaingia. Usimfukuze Fundi katika saa hiyo, maana hajamaliza.

Wale mafundi wakaiweka fremu mpya, wakaitegemeza kwa vipande vidogo vya plastiki, wakaipima kwa pima maji huku na huku, wakaikaza kwa skrubu ndefu mpaka katika tofali, wakaziba nafasi zote. Walipokwisha, fundi akachukua kipande cha karatasi, akakibana katika mlango uliofungwa, akakivuta. Hakikutoka. Akafanya hivyo juu, kando na chini. Kisha akatuonya juu ya kitasa. Alisema kitasa hicho kina kulabu na makomeo mahali kadhaa, tangu juu mpaka chini, lakini mtu asipoinua mkono wa kitasa na kuzungusha ufunguo, hayo yote hayafanyi kazi, na mlango unashikwa na kiulimi kimoja kidogo tu. Je, si wengi tulio na Biblia, na ubatizo, na kipaimara, na vyama vya kanisa, lakini hatujazungusha ufunguo?

Somo la pili laumiza. Mwaka mmoja kabla hatujafika, tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell Tower lenye ghorofa 24 liliungua huko London, na watu 72 walikufa. Wachunguzi walichukua mlango mmoja wa kuingilia nyumba katika jengo lile, mlango wa aina hii hii ya kuunganishwa, wakaujaribu kwa moto. Ulitakiwa kuzuia moto kwa dakika 30. Ulishindwa baada ya dakika 15 hivi. Katika mwaka 2018 serikali iliagiza milango mingine ya namna ile ijaribiwe, na watengenezaji wakaiondoa sokoni ile iliyohusika. Tena uchunguzi ulionyesha kwamba milango mingi katika jengo lile haikuwa na chombo kizima cha kuufanya mlango ujifunge wenyewe. Watu walipokuwa wakikimbia, mlango ulibaki wazi nyuma yao, na moshi ukatoka ukajaza njia ya wengine.

Tulimwuliza fundi wetu juu ya habari hiyo. Alieleza kwamba nyumba inayofunguka barabarani kama yetu haitakiwi kuwa na mlango wa kuzuia moto, lakini nyumba za ghorofani zatakiwa. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa macho, huwezi kuitofautisha." Maneno hayo yalitukaa moyoni. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika waraka wa kwanza, sura ya 3, ya kwamba moto ndio utakaoonyesha kazi ya kila mtu ni ya namna gani. Wewe uliye mzazi, uliye mwalimu, uliye mzee wa kanisa, kuna watu wanaolala usingizi wakiamini kwamba wewe ni mlango wa dakika 30. Jichunguze leo, kabla moto haujaja.

Sasa twaja kwenye somo la tatu, ambalo twaona haya kulisema, lakini ndilo lililotuleta kwenye kipaza sauti leo.

Siku ya kuchagua mlango tuliulizwa kama twataka chuma cha kubishia. Tukasema hapana, kengele ya betri itatosha, na mlango utapendeza zaidi ukiwa mtupu. Sanduku la barua likawekwa ukutani nje. Ikaja Desemba. Nyumba yetu ilikuwa na joto la ajabu. Blanketi la mama likarudi kabatini. Hatukusikia tena magari, wala upepo, wala miguu ya watu. Tulimshukuru Mungu kwa utulivu ule. Hatukujua kwamba betri ya kengele ilikuwa imekufa.

Usiku mmoja, yapata saa mbili, tulikuwa jikoni nyuma, tukinywa chai na kuandaa ibada ya Krismasi. Asubuhi yake tuliona gari la wagonjwa nje. Mashine ya kupasha joto katika nyumba ya yule bibi ilikuwa imeharibika, naye alilala katika baridi usiku kucha. Jirani wa upande wa pili ndiye aliyemkuta, akiwa hawezi kusema vizuri.

Tulimwendea hospitalini. Alikuwa amelala, kifua kikimsumbua, mkono wake umepoa katika mkono wa mama. Hakutulaumu hata kidogo. Alisema, "Nilipiga hodi mara tatu. Niliona taa yenu. Nikadhani mna wageni."

Mama alitoka nje, akalia katika ukumbi wa hospitali. Sisi tulibaki pale tukiwa na Biblia mkononi, na hatukuweza kuifungua.

Mungu alimrehemu bibi yule, akapona, akarudi nyumbani kwake mwezi wa Januari. Nasi tukamwita tena fundi atutilie chuma cha kubishia, kwa kuwa alikuwa ametuonya tusitoboe mlango wenyewe, maji yasije yakaingia ndani na kuuharibu. Ilikuwa kazi ya dakika 20 tu. Tukawaza: dakika 20!

Ndugu zetu wa pwani, ambao wamechonga milango kwa karne nyingi na kuijua vizuri, husema kwamba nyumba njema si mlango. Sisi tulikuwa na mlango mwema. Fundi hakukosea kitu, mlango ulifanya kazi yake sawasawa. Tuliokosa ni sisi wenye nyumba. Katika Luka sura ya 16 twasoma habari za tajiri na Lazaro, maskini aliyelazwa mlangoni pake. Hatusomi kwamba tajiri yule alimpiga wala kumfukuza. Yeye alikula ndani, na mwenzake alikaa nje, na mlango ulikuwa kati yao.

Wasikilizaji, msifikiri haya ni mambo ya Uingereza peke yake. Hapa Kenya tunajenga kuta, tunaweka mageti ya chuma, tunaajiri askari wa kulinda. Hatusemi ni vibaya, maana wezi wapo. Lakini je, mtu mwenye shida akifika, hodi yake itapita wapi? Yule mjane wa ukoo wenu, unamsikia? Na mtoto wako aliyefunga mlango wa chumba chake tangu juma lililopita, je, hapigi hodi kwa kunyamaza kwake?

Tena yuko mmoja mwingine anayebisha. Katika Ufunuo sura ya 3, Bwana Yesu anajionyesha akiwa amesimama nje ya mlango, akingoja mtu asikie sauti yake na kumfungulia. Ujumbe ule haukupelekwa kwa wapagani. Ulipelekwa kwa kanisa la Laodikia, kanisa tajiri, lililojiona halihitaji kitu, nalo lilikuwa vuguvugu. Walikuwa ndani katika joto lao, na Bwana alikuwa nje. Huenda na leo anakuja kwetu kwa sauti ya bibi mzee, anaona taa yetu inawaka, naye haitikiwi.

Basi jioni ya leo, kabla hujafunga mlango wako, simama nje dakika moja. Gonga mlango wako mwenyewe. Uliza walio ndani kama wamesikia. Kisha mwende mtu mmoja ambaye hujasikia hodi yake siku nyingi, umpigie wewe.

Tuombe. Ee Bwana, uliye Fundi wa nyumba zetu na mioyo yetu, ondoa fremu iliyooza ndani yetu hata kama tutaona baridi. Tutengeneze tusimame siku ya moto. Utusamehe hodi zote ambazo hatukuzisikia. Utupe masikio ya kusikia wanaobisha, na miguu ya kwenda kuwafungulia, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote, na amani yake ikae katika nyumba zenu.