Mbuzi Hajitoi: Sadaka, Hiari na Upendo



Historia ya sadaka katika Agano la Kale mnaijua, sitairudia. Kilichonisukuma kusema ni hoja inayorudiwa sana vyuoni: hakuna zawadi ya bure. Wanaoitoa humtegemea Marcel Mauss, Mfaransa aliyechapisha insha yake kuhusu zawadi mwaka 1925. Mauss alionyesha kwamba katika jamii nyingi anayepewa hufungwa kupokea na kurudisha. Wafuasi wake wanavuka mpaka: basi msalaba nao ni biashara, na Mkristo anayejitoa anawekeza mbinguni.

Nimekulia jirani na machinjio ya Kiamaiko, Nairobi, ambako malori hushusha mbuzi kutoka Marsabit na Moyale. Daftari la mchango wa matanga nalijua: jina, kiasi, na asiyetoa hukumbukwa siku yake ikifika. Hapo Mauss amesema kweli. Lakini nilimwona pia mama muuza matumbo akimuuguza mpangaji mwenzake, mgeni asiye na ndugu mjini, hadi alipokata roho. Katibu wa matanga alipotaka kumwandika daftarini, mama alikataa.

Mtasema alitarajia thawabu. Huenda. Ila kutarajia ni kitu kimoja na kudai ni kingine. Bei hupatanwa kabla mali haijatoka mkononi, na isipolipwa muuzaji ana haki ya kushtaki. Mama yule angemshtaki nani? Upendo hutamani kuitikiwa, na asiyetamani hivyo hajapenda. Kosa la hoja hii ni kuliita kila itikio malipo.

Shahidi wangu mpendwa ni Sista Irene Stefani, mtawa wa shirika la Wamisionari wa Konsolata, aliyezaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891 na kufika Kenya 1915. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliuguza wapagazi wa jeshi la Uingereza huko Voi, Kilwa na Lindi. Wasimulizi wa maisha yake hueleza kwamba Kilwa alikwenda ufukweni kumtafuta mgonjwa aliyetupwa kati ya maiti, akamkuta bado anapumua. Baadaye, huko Gikondi, Nyeri, alipanda na kushuka matuta, akifundisha na kuwaandikia barua akina mama ambao wana wao walikuwa mbali. Wagikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Oktoba 1930 alimuuguza mwalimu mwenye tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31. Alitangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Alitamani kuwabatiza wagonjwa wake, naye alifika chini ya bendera ileile iliyowakamata wapagazi. Siyafichi hayo. Lakini anayekata roho hajazi benchi la kanisa, na mlango wa nyumba ya tauni haukuwa na askari wa kumsukuma Irene ndani.

Wapagazi walisukumwa. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1917 ukafuata msako mkubwa. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika mtaa wa Kariokor, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kiamaiko. Katika wodi moja alilala aliyeletwa kwa nguvu na alisimama aliyekuja kwa hiari. Kifo cha wa kwanza tukikiita sadaka, tunauficha mkono uliomfunga. Mbuzi wa Kiamaiko hajitoi, anachinjwa. Yesu wa Injili ya Yohana anasema uhai wake hanyang'anywi na mtu, anautoa mwenyewe. Mimi nasimama hapo, na hakuna hoja iliyonitikisa.

Kwa hiyo mhubiri anayemwambia mke anayepigwa avumilie kama sadaka, au mpangaji alete kodi ya nyumba madhabahuni apate muujiza, anatoa kisicho chake. Sadaka anayoweza kuitoa ni ya nafsi yake tu. Penye kulazimishwa pana dhuluma, na kazi ya kanisa hapo ni kuizuia.