Kompyuta ya Ofisi ya Usharika: Tuinunue Nzima au Tuiunganishe Wenyewe?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wageni wetu wafadhili



Katika mkutano uliopita sharika kadhaa ziliuliza swali moja: fedha tulizotenga kwa ajili ya kompyuta ya ofisi, je, tununue mashine nzima dukani au tununue vipuri na kuiunganisha wenyewe? Sisi wa ofisi ya miradi tumeombwa kulijibu. Tutalijibu kwa kueleza tulivyofanya, pamoja na mahali tulipokosea. Makosa hayo yalilipiwa kwa sadaka za washarika na michango ya wafadhili, na mwenye fedha ana haki ya kujua.

Tulikoanzia

Kwa miaka mingi ofisi zetu zimetumia kompyuta zilizokwisha kutumika, zilizotolewa na marafiki wa dayosisi. Tunawashukuru, kwa kuwa zilitusaidia sana. Hata hivyo, mashine nyingi za namna hiyo zina pawa saplai na ubao mkuu wa umbo la pekee, uliotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo tu. Kipande kimoja kikiharibika, kipuri chake hakipatikani madukani, na mashine nzima inageuka chuma chakavu stoo.

Aidha, kampuni ya Microsoft ilitangaza mapema kwamba huduma ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kompyuta yenye kinga ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa upande wa Intel, karibu zote zilizo chini ya kizazi cha 8 zimekataliwa. Nyingi za kwetu ziliangukia huko. Zile zilizokuwa bado na nguvu tuliziwekea Linux, ambayo hailipiwi, na hadi leo zinaandika barua na kuchapa matangazo ya Jumapili. Lakini ofisi 6 zilihitaji mashine mpya. Mwaka 2025 tuliamua kununua vipuri na kuziunganisha pamoja na vijana wa chuo chetu cha ufundi, ili fedha ile ile ilete mashine na ujuzi.

Kwanza kazi, ndipo kipuri

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba orodha ya vipuri haianzii dukani. Inaanzia kwenye kikao cha kamati, kwa swali hili: kompyuta hii itafanya kazi gani? Ofisi ya usharika inaandika barua, inatunza mahesabu na orodha ya washarika, inachapa, na mara nyingine inashiriki mkutano kwa njia ya intaneti. Kazi hizo hazihitaji kadi ya picha ya bei kubwa kama ya wachezaji wa michezo ya kompyuta. Mwuzaji akikuambia kwamba bila kadi hiyo kompyuta haifai, mwulize inafanya kazi gani. Kuuliza si ujinga.

Prosesa na ubao mkuu

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, ndio unaobeba na kuunganisha vipande vyote. Viwili hivi ni kama ufunguo na kitasa: kila prosesa ina kikalio chake. Prosesa za AMD za kikalio cha AM4 hutumia RAM ya DDR4, na zile za AM5 hutumia DDR5 peke yake. Kwa Intel, kikalio cha LGA1700 kina mbao za DDR4 na mbao za DDR5, hivyo ni lazima kusoma jina la ubao wenyewe kabla ya kununua RAM. RAM ya aina moja haiingii katika tundu la aina nyingine, na mwenye kuilazimisha ataivunja.

Hapa ndipo tulipofanya kosa la kwanza. Tulipanga kununua Core i3-12100, prosesa yenye viini 4, ambayo kwa ofisi inatosha kabisa. Dukani tuliona Core i3-12100F kwa bei ya chini kidogo, tukadhani tumepata nafuu. Tulirudi, tukaunganisha, tukawasha. Feni zilizunguka, taa zikawaka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Tulibadilisha nyaya, tulibadilisha skrini, tukapoteza siku mbili. Mwanafunzi mmoja wa kike ndiye aliyesoma boksi la prosesa kwa makini na kutuonyesha herufi ile ya mwisho. Kwa Intel, herufi F maana yake prosesa haina sehemu ya kutoa picha, na bila kadi ya picha skrini haitaonyesha kitu. Zilikuwa prosesa 2. Duka lilikubali kuzibadilisha kwa sababu tulikuwa na risiti ya EFD, na maboksi hatukuwa tumeyachana. Tangu siku hiyo orodha yetu huandikwa hadi herufi ya mwisho, na mtu wa pili huikagua kabla fedha haijatoka.

RAM na diski

Kwa ofisi ya kawaida tuliweka RAM ya GB 8, tukaacha tundu la pili wazi ili baadaye kuongeza. Kwa mashine ya chuo tuliweka GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, kwa kuwa vipande viwili vinavyofanana hufanya kazi kwa kasi zaidi kuliko kimoja. Tunawatahadharisha kuhusu bei. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya data vya akili mnemba. Bajeti yenye bei za kabla ya hapo isitumike bila kuulizia upya.

Kuhusu diski, tunashauri SSD bila kusita. Diski ya zamani inayozunguka husoma kiasi cha MB 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufikia MB 500, na ya aina ya NVMe huzidi hapo mara kadhaa. GB 250 zinatosha ofisi yoyote ya usharika. Na kama fedha yenu ni ndogo, msinunue kompyuta kwanza. Badilisheni diski ya ile mliyo nayo, kwani mashine nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima, ila diski imechoka.

Pawa saplai

Ndugu zangu, sasa tunafika kwenye kosa la pili, na hili ndilo lililotuuma.

Kompyuta ya ofisi kama hizi haifikishi wati 150 hata ikiwa na kazi nyingi. Pawa saplai ya wati 400 au 450 ya mtengenezaji anayeaminika inatosha. Sisi tulipewa bei ya aina nyingine, iliyoandikwa wati 500, nyepesi mkononi, isiyo na alama yoyote ya kupimwa kama ile ya 80 Plus. Tofauti ya bei kwa moja haikufikia mifuko mitatu ya simenti. Tulinunua 6, tukaandika katika taarifa kwamba tumeokoa fedha.

Wakati wa masika umeme ulikatika jioni katika usharika mmoja wa mlimani, ukarudi kwa nguvu, ukakatika, ukarudi tena. Pawa saplai ile ilikufa, na ilipokufa iliua ubao mkuu na SSD. Hapakuwa na UPS. Nakala ya akiba haikuwepo pia, kwa kuwa hatukuwa tumeiweka katika bajeti.

Katika SSD ile kulikuwa na mahesabu ya miezi 7 na orodha ya ahadi za washarika kwa ajili ya ujenzi wa nyumba ya mchungaji. Mahesabu yalipona. Yalipona kwa sababu mama mtunza hazina hakuacha kuandika katika daftari lake, ingawa sisi wenyewe tulikuwa tumemwambia katika semina kwamba daftari halihitajiki tena. Orodha ya ahadi haikuwa na daftari. Ilibidi wazee wa kanisa wapite jumuiya kwa jumuiya kuwauliza watu upya waliahidi kiasi gani na wamekwisha kutoa kiasi gani. Wapo waliokumbuka vizuri. Wapo walioona kwamba wanashukiwa. Mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kumaliza ahadi yake alisema hatajibu swali hilo mara ya pili, na hatukuwa na haki ya kumlaumu.

Tulirudi pale, tukasimama mbele ya washarika baada ya ibada na kusema kwamba uamuzi wa kununua vile vifaa ulikuwa wetu, si wa katibu wao. Pia tuliwaandikia wafadhili. Kisha tulibadilisha pawa saplai zote 5 zilizobaki kabla hazijaleta msiba mwingine. Fedha tuliyodai kuiokoa ililipwa mara mbili.

Kwa hiyo tunawasihi: nchini Tanzania umeme ni volti 230. Pawa saplai yenye kiswichi chekundu nyuma kilichoandikwa 115 na 230 ikaguliwe kabla ya kuchomekwa, maana ikiachwa kwenye 115 itaungua. Kila kompyuta iwe na UPS tangu siku ya kwanza. Ikishindikana kununua vyote kwa pamoja, kompyuta isubiri.

Vumbi, joto na mikono

Chagueni kasha lenye chujio la vumbi linalotoka na kuoshwa. Mafuta ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni yapakwe kidogo, kiasi cha punje ya mbaazi. Kabla ya kugusa vipuri, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, hasa wakati wa kiangazi. Kila baada ya miezi mitatu mtu mwenye jina, aliyeandikwa katika muhtasari wa kikao, afungue na kupuliza vumbi.

Jibu letu

Sasa tunarudi kwenye swali. Usharika ulio karibu na chuo chetu, wenye kijana aliyefundishwa na kamati iliyo tayari kusoma orodha ya vipuri mstari kwa mstari, uunganishe. Mtapata mashine ambayo kipande kikifa kinabadilishwa kimoja, na kijana wenu atabaki na kazi mkononi. Usharika ulio mbali, usio na mtu wa namna hiyo, ununue mashine nzima yenye waranti ya maandishi, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Kwa njia yoyote, ombi la fedha litakaloletwa ofisini kwetu kuanzia sasa liwe na mistari minne: kompyuta, UPS, diski ya nje ya nakala ya akiba, na fungu la matengenezo. Ombi lenye mstari mmoja tutalirudisha. Wageni wetu wafadhili, tunawaomba nanyi mtuunge mkono hapo, hata kama maana yake ni kompyuta 4 badala ya 6.

Mwisho, mama yule mtunza hazina ana kompyuta mpya mezani, UPS chini yake, na diski ya nakala anayoifungia kabatini kila Ijumaa. Daftari bado analo. Safari hii hatukumwambia aliache.