UZITO SI KAMBA
Somo la kufunga mizigo na kukokota tela barabarani

Leo tutazungumza juu ya mizigo ipitayo barabarani: jinsi ya kuifunga, na jinsi ya kukokota tela bila kumdhuru mtu. Usiseme, "Mimi si dereva, somo hili halinihusu." Ikiwa una magunia kumi ya mahindi ya kupeleka sokoni, wewe ndiwe mwenye mzigo. Na ikiwa unauza vitunguu kando ya barabara kuu, mzigo ukianguka utakuangukia wewe. Basi sote tusikilize.

Kwanza tuondoe kosa moja kubwa. Watu wengi husema, "Mzigo huu ni mzito, hauendi popote, kamba ya nini?" Maneno hayo ni ya hatari. Ukisahau yote nitakayosema leo, ushike haya matatu: uzito si kamba.

Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Chukua visanduku viwili vya kiberiti vilivyo sawa. Kimoja kiache kitupu, cha pili kijaze mchanga. Viweke juu ya kitabu, kisha inua upande mmoja wa kitabu pole pole. Utadhani kile chenye mchanga kitashikilia zaidi kwa sababu ni kizito. Sivyo. Vyote viwili huanza kuteleza karibu wakati mmoja. Sababu yake ni hii: uzito hukibana kisanduku juu ya kitabu, lakini uzito ule ule ndio unaokivuta kiteremke. Msaada na hasara huongezeka pamoja.

Sasa weka kisanduku chenye mchanga juu ya kitabu kilicholala mezani. Sukuma kitabu mbele kwa haraka, kisha kisimamishe ghafula. Kitabu kimesimama, lakini kisanduku kimeendelea na safari. Hivyo ndivyo lilivyo lori. Breki hushika magurudumu, hazishiki mzigo. Mzigo hauna breki ila ile unayoupa wewe kwa kuufunga.

Je, ufungwe kwa nguvu kiasi gani? Iko kanuni ambayo wenye malori wa Uingereza wamefundishwa kwa miaka mingi, nayo ni rahisi kukumbuka. Vifungo vyote pamoja viweze kuzuia mbele nguvu iliyo sawa na uzito wote wa mzigo, na upande wa kulia, wa kushoto na wa nyuma nguvu ya nusu ya uzito huo. Kama mzigo ni tani 10, basi mbele uzuiwe kwa nguvu ya tani 10, na pembeni kwa nguvu ya tani 5. Mbele ni zaidi kwa sababu hakuna tendo la gari linalousukuma mzigo kwa nguvu kama breki ya ghafula.

Sasa na tufuate lori moja katika mawazo yetu. Liko Mafinga, katika Mkoa wa Iringa, nalo linapakia mbao za kupeleka Dar es Salaam. Nyuma yake lina tela. Mbele yake kuna mteremko wa Kitonga. Tazama kazi inavyopasa kufanywa.

Kwanza utingo anafagia sakafu ya bodi. Si kwa ajili ya urembo. Mchanga, mafuta na maji hufanya mbao ziteleze. Akipata vipande vya mpira wa tairi kuukuu avitandike chini ya mzigo, maana mpira hushika kuliko ubao mtupu.

Pili, mbao zinasukumwa mpaka zigusane na ukuta wa mbele wa bodi, usibaki mwanya hata kidogo. Mzigo unaogusa ukuta huuegemea tu. Ulio mbali nao hupata nafasi ya kukimbia kwanza, kisha huupiga kama nyundo. Na nyuma ya ukuta ule ameketi dereva. Zile zilizo nzito zikae chini na katikati, nyepesi zikae juu. Mzigo ulioinamia upande mmoja huliinamisha gari lote katika kona.

Tatu, kufunga. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifahamu. Juu ya mkanda wa kufungia huandikwa nguvu yake, labda kilo 2,500. Dereva husoma akafurahi, akadhani mkanda mmoja unazuia kilo 2,500. Lakini mkanda uliopitishwa juu ya mzigo hauuzuii kwa nguvu hiyo. Kazi yake ni kuugandamiza chini tu, tena kwa nguvu ile aliyoikaza kwa mkono wake, ambayo mara nyingi ni kilo 300 au 400. Ndiyo sababu mkanda mmoja au miwili haitoshi. Yafaa mikanda mingi, na ukuta wa mbele usaidie.

Tena mkanda usimame karibu wima pembeni mwa mzigo. Ukilala sana, ukawa umeinuka nyuzi 30 tu kutoka sakafu ya bodi, nguvu yake ya kugandamiza hubaki nusu. Pale unapopita juu ya pembe kali, wekea kipande cha mpira usije ukakatika. Usiufunge fundo mkanda uliokatika ili uutumie tena, maana fundo laweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake.

Nanyi mnaotumia kamba za katani, kumbukeni tabia yake. Katani ikiloa hujikaza, ikikauka hulegea. Mzigo uliofungwa alfajiri katika mvua utakuwa umelegea saa sita mchana juani.

Kila mzigo una desturi yake. Magunia yapangwe kama matofali, gunia la juu likalie maungio ya yale ya chini. Gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu, halilali vizuri juu ya mwenziwe, basi hasara yake si ya mkulima sokoni tu, ni ya msafiri pia. Pipa la lita 200 lililojaa dizeli lina uzito wa karibu kilo 185; likilazwa bila kabari hubingirika kama gurudumu. Bati moja lililolegea hupeperushwa na upepo, nalo hukata kama panga. Nondo zikitokeza nyuma, zifungwe kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku. Walakini kitambaa huonya tu, hakifungi.

Na juu ya mzigo asipande mtu. Najua gari huwa chache na safari ni ndefu. Lakini mtu aliyeketi juu ya magunia hana wa kumfunga. Gari likisimama ghafula, yeye ndiye kisanduku cha kiberiti.

Sasa tuje kwenye tela. Ninyi mnaosukuma mkokoteni mmekwisha kulijua somo hili kwa mikono yenu. Ukiweka mzigo nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni huinuka juu, ukaning'inia wewe. Ukiuweka wote mbele, mikono hukulemea mpaka mgongo ukauma. Yafaa mzigo uwe katikati, ukizidi kidogo mbele. Ndivyo ilivyo kwa tela dogo la ekseli moja linalovutwa na pikapu. Uzito unaoegemea ndoano ya gari uwe karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela, nao usipite kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Nyuma pakizidi, tela huinua mkia wa gari, kisha huanza kuyumba huku na huku kama mlevi.

Likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu, wala usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Shika usukani sawa, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, uache gari lipunguze mwendo lenyewe. Kisha simama mahali pa salama, ukaupange mzigo upya.

Kabla ya kuondoka, tazama maungio. Pini imeingia mpaka mwisho? Kizuizi chake kimefungwa? Usiitegemee pini peke yake: minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono wa tela, ili pini ikitoka mkono uangukie juu ya minyororo, usichimbe barabara. Unganisha taa na breki, mtu mmoja asimame nyuma atazame kama taa zote zinawaka. Halafu funga breki za tela, uvute gari mbele kidogo sana. Likigoma, maungio yameshika. Likiachia, umshukuru Mungu kwamba limeachia uwanjani.

Uzito nao upimwe. Sheria ya mizani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huweka mwisho wa tani 56 kwa gari, tela na mzigo pamoja, na hizo ni kwa magari yenye ekseli nyingi tu. Wako wanaoiona mizani kuwa adui. Lakini tani unayoificha mizani haiwezi kufichwa breki.

Lori letu limeondoka Mafinga. Baada ya kilomita 10 hivi linasimama, utingo anashuka, anashika kila mkanda. Mbao zimetikisika na kukaa vema, mikanda imelegea. Anaikaza tena. Atafanya hivyo kila watakaposimama.

Wakipita Iringa na Ilula, wanafika Kitonga. Hapa dereva anapunguza mwendo na kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, wala hangoji kati ya mteremko. Breki huugeuza mwendo kuwa moto. Zikikanyagwa mfululizo hupata joto mpaka zikaacha kushika. Kwa gia ndogo injini ndiyo inayozuia, na breki hubaki baridi kwa wakati wa haja. Katika kona anakumbuka kwamba magurudumu ya tela hayafuati njia ya gari la mbele. Hukata kwa ndani. Mtu wa baiskeli aliyepitwa salama na lori aweza kukanyagwa na tela. Wala hafungi breki ghafula katika kona, maana tela laweza kulisukuma gari likajikunja kama kiwiko cha mkono, likaziba barabara yote.

Chini ya mteremko, huko Ruaha Mbuyuni, watu wanauza vitunguu kando ya barabara. Mbele tena kuna Mikumi, ambapo wanyama hukatiza njia. Mahali pote hapa breki ya ghafula yaweza kutakiwa. Kumbuka hesabu hii: ukiongeza mwendo mara mbili, kutoka kilomita 40 kwa saa mpaka 80, mahali pa kusimamia baada ya kukanyaga breki huwa parefu mara nne. Tena kwa mwendo wa 80, gari huenda mita 22 katika kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki.

Na gari likiharibika? Lisogeze kando kadiri iwezekanavyo, weka kabari, uweke pembetatu za kuakisi mwanga mbali nyuma na mbele. Matawi ya miti ni desturi yetu, lakini usiku hayaonekani mpaka mtu amekwisha kuyafikia. Na ukimaliza kutengeneza, ondoa mawe uliyotegea magurudumu. Wewe umekwenda zako, lakini jiwe limebaki likimngoja mwenye pikipiki.

Ndugu, nimesema mengi juu ya kamba na pini, nami namaliza kwa neno juu ya watu. Mara nyingi mzigo mbovu hauondoki kwa sababu hapana aliyejua. Utingo alijua. Aliona mkanda umekatika, lakini tajiri alikuwa na haraka, na dereva alikuwa akipiga honi. Basi wewe mwenye mali, mpe utingo wako haki ya kusema "bado", nawe ungoje. Wewe dereva, ukiambiwa "bado", zima injini ushuke ukatazame. Nusu saa ya kufunga ni kitu gani mbele ya mama yule wa vitunguu na mtoto wake mgongoni? Yeye hakuuona mzigo wako ukipakiwa. Amekuamini tu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Fanyeni jaribio la visanduku viwili vya kiberiti. Mmeona nini, na sababu yake ni nini?
2. Mzigo wa tani 4 yapasa uzuiwe kwa nguvu ya tani ngapi mbele, na ngapi pembeni?
3. Kwa nini mkanda ulioandikwa kilo 2,500 hautoshi peke yake?
4. Mwenye mkokoteni aweza kumfundisha nini mwenye tela?
5. Katika kijiji au mtaa wenu, ni nani anayeweza kusema "bado" gari likipakiwa vibaya? Je, husikilizwa?

Kwa herini, na safari njema.