Kompyuta Isiyoshika Mtandao Haijafa

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu wa sharika, walimu na waratibu wa miradi katika semina ya matumizi ya kompyuta)

Tunawashukuru kwa kuacha mashamba na ofisi zenu, wengine mkitokea Tukuyu na Chimala, wengine Mafinga na Ilula, mkaja kukaa nasi siku ya leo. Tumeombwa kuzungumzia jambo moja: kompyuta zinazowekewa Linux, kisha zikakataa kushika waifai.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Tulipokea kompyuta mpakato tisa zilizokwisha kutumika, msaada wa marafiki zetu wa Ulaya. Mashine hizo ni za zamani mno kwa Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo tuliziwekea Debian na Ubuntu, ambazo hazina gharama ya leseni. Tano zilishika mtandao siku hiyo hiyo. Nne hazikuona kitu. Fundi mmoja alituambia kadi zimekufa. Tulikubali bila kuuliza, tukachukua fedha ya mradi tukanunua vifaa vinne vya waifai vya kuchomeka kwenye USB. Vitatu kati ya hivyo navyo vikagoma. Mashine nne zikaingia stoo, na vijana waliomaliza kidato cha sita wakapanga foleni kwenye zile chache kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo. Wako waliorudi kwao jioni hawajamaliza, na nauli ya kesho hawana.

Kadi hazikuwa zimekufa. Sasa tuone ni nini kilikosekana.

Ndani ya mfumo endeshi kuna programu ndogo inayoitwa draiva. Kazi yake ni kuiendesha kadi, kama dereva anavyoendesha lori. Lakini kadi nyingi za waifai zina kichakato chake chenyewe, nacho kinahitaji maagizo yake kila mashine inapowashwa. Maagizo hayo ndiyo femwea. Katika Linux hukaa kama mafaili kwenye folda ya /lib/firmware. Dereva awe mzoefu kiasi gani wa mlima Kitonga, asipopewa ufunguo lori halitoki. Ndivyo ilivyo draiva isipokuta femwea yake.

Tunapendekeza hatua nne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, angalia swichi. Kompyuta nyingi za zamani zina kitufe cha kuzima waifai pembeni au juu ya kibodi. Andika rfkill list. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta kitufe hicho. Ukiona "Soft blocked: yes", andika sudo rfkill unblock wifi.

Pili, ijue kadi. Andika lspci -nn, au lsusb kama ni kifaa cha kuchomeka. Msiamini jina lililo kwenye boksi, kwa sababu watengenezaji hubadilisha chipu ya ndani na kuacha jina lile lile. Soma namba: kwa lspci, 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek. Kadi ya ndani isipoonekana kabisa, hapo ndipo tushuku kwamba imelegea au imekufa kweli.

Tatu, isikilize mashine. Andika sudo dmesg | grep -i firmware. Mara nyingi itataja faili lenyewe ililolikosa. Liandike kwenye daftari.

Nne, leta kinachokosekana. Kwenye Debian, kadi za Intel huhitaji kifurushi cha firmware-iwlwifi, za Realtek firmware-realtek. Hivi mnaweza kuvipakua kwenye kompyuta nyingine na kuvileta kwa flashi. Broadcom za zamani zinazotumia draiva ya b43 huhitaji firmware-b43-installer, na hapa ndipo wengi hukwama: kifurushi hicho hakibebi femwea, huenda kuichukua kwenye intaneti. Yaani upate mtandao ili upate mtandao! Njia ya kutokea iko mfukoni. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya. Bando dogo linatosha.

Mtauliza kwa nini femwea haikuwemo tangu mwanzo. Wenye chipu wengi hawatoi msimbo wa femwea zao, na Debian kwa msimamo wake wa programu huria ilikuwa haiziweki kwenye kisakinishi chake rasmi. Wanachama wake walipiga kura mwaka 2022 kubadilisha utaratibu huo, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikawa ya kwanza kuzijumuisha.

Na mashine zetu nne? Mbili zilikuwa za Intel, tulizoziwekea Debian 11 kutoka kwenye flashi ya zamani tuliyokuwa tukiazimana. Moja ilikuwa Broadcom. Ya nne ilikuwa na swichi iliyozimwa tu. Vile vifaa vitatu vya USB vilihitaji draiva isiyokuwemo kwenye mfumo tuliouweka. Tulitumia fedha ya watu kununua tatizo la pili.

Ndugu zetu, ujuzi huu si wa wageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Hapa Iringa, Chuo cha Tumaini, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007. Vijana wenye ujuzi tunao, tuwaulize.

Tunaomba mambo mawili. Kabla ya kusakinisha, ijaribuni Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi mwone kama waifai inashika. Na pasiwe na kompyuta itakayoandikwa kwenye daftari la mali kuwa mbovu kabla ya kupitishwa hatua hizi nne.