Nani Anahesabu Mali ya Kongo, na Anahesabu Nini?

Ndugu zetu watu wa kazi ya mgodi, nanyi wakaaji wa Makiso, wa Mangobo, wa Tshopo, wa Kabondo, wa Kisangani na wa ng'ambo kule Lubunga,

Mmetuita tuwaelezee neno moja linalosemwa mara kwa mara katika redio, ya kwamba uchumi wa Kongo unakua. Mwaka 2022 ilisemwa umekua karibu 9 kwa mia, na mwaka 2023 zaidi ya 8 kwa mia. Ni nchi chache duniani zilizopanda hivyo katika miaka ile. Nanyi mnauliza: kama unakua, mbona sufuria ya nyumbani haina habari? Sisi ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni kupima uzito, kuandika majina na kujumlisha. (Tunajua wengine mnacheka, kwani karani ndiye mnayemwona siku ya kukatwa mshahara.) Basi tutajibu kwa njia ya ukarani.

Kwanza namba yenyewe. Inajumlisha thamani ya kila kitu kilichofanyizwa ndani ya mipaka ya nchi kwa mwaka mmoja, kisha inalinganishwa na mwaka uliotangulia. Yashikeni maneno haya, "ndani ya mipaka." Shaba ikichimbwa Kolwezi, thamani yake inaandikwa katika buku la Kongo, hata kama faida ya mwenye kampani imelala katika benki ya ng'ambo usiku uleule. Iko hesabu nyingine, inayotoa kwanza faida zilizokwenda nje na kuacha kile kilicho cha wenye nchi. Hiyo haisomwi sana redioni.

Sasa tazameni shaba. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka, mashini zilikuwa zimechoka, fedha ya kununua nyingine haikuwapo, na mwaka 1994 kampani ileile ikatoa tani kama 30,000 tu. Baadaye zikaja kampani za nje, na mwaka 2024 migodi yote ya nchi pamoja ilitoa tani zipatazo milioni 3. Kwa mtu wa mizani hii ni habari kubwa: mara sita na zaidi ya zile za mwaka 1986. Lakini mwaka huohuo wa 2024 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Wakongo kama 73 katika kila mia waliishi kwa chini ya dola 2 na senti 15 kwa siku. Namba zote mbili ni za nchi moja na mwaka mmoja, wala hakuna iliyo ya uongo. Ila ya kwanza inapima mzigo, ya pili inapima mtu.

Kukua ni jambo moja, kugeuka ni jambo lingine. Tukichimba jana mikokoteni 10 na leo 20, tumekua. Lakini tukiwa jana tuliuza jiwe, na leo tunauza waya uliovutwa kwa jiwe lilelile, na kijana aliyekuwa anabeba gunia sasa anaongoza mashini, hapo tumegeuka. Anayetaka kupima kugeuka huuliza: watu wangapi wametoka katika kazi ya kupata kidogo wakaingia katika kazi ya kupata zaidi? Tunauza nje vitu vya namna ngapi? Na katika kila tani tunayochimba, kiasi gani kinafanyiwa kazi hapahapa kabla ya kuondoka?

Tuchukue mfano wa Moroko, huko kaskazini ya Afrika. Nao ni wachimbaji kama sisi. Wana fosfati nyingi chini ya ardhi. Lakini fosfati ya Khouribga inapelekwa kwa bomba mpaka Jorf Lasfar kando ya bahari, na sehemu kubwa yake inageuzwa mbolea kabla ya kupanda meli. Mwaka 2012 kiwanda cha magari kilifunguliwa karibu na Tangier, na kabla ya miaka mingi kupita magari yakawa yanaleta fedha kuliko fosfati. Hatusemi kwamba kila mtu kule ameshiba. Twasema tu ya kwamba namba zao zinaonyesha kugeuka, na wanaweza kuuonyesha kwa sababu walihesabu watu wao mwaka 2004, tena 2014, tena 2024.

Na sisi je? Kongo ilifanya hesabu kamili ya watu mwaka 1984, tukaonekana kama milioni 30. Miaka 40 ikapita bila ya pili. Leo wengine husema tumepita milioni 100, lakini hayo ni makadirio. Basi wanaposema kila Mkongo hupata kiasi fulani kwa mwaka, wamegawa fedha ambayo hawakuiona yote kwa watu ambao hawakuwahesabu.

Zamani za Wabelgiji vitabu vilikuwa safi sana, nasi tumekwisha kusikia wazee wakivisifu. Lakini msisahau vilihesabu nini. Katika kila kijiji waliandika wanaume wazima wenye nguvu, wapate kujua ni wangapi wa kuchukuliwa kazini na wangapi wa kulipa kodi. Walihesabu mikono, matumbo hawakuyahesabu. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 zaidi ya watu milioni 1 walikuwa katika kazi ya mshahara, nchi ikiwa na watu kama milioni 13. Lakini uchunguzi uliofanywa mwaka 2005 ulionyesha kwamba karibu watu 9 katika kila 10 wenye kazi walikuwa katika kazi zisizoandikwa popote.

Hao 9 tunawajua. Ni vijana wa toleka wanaotubeba kwa baiskeli, ni mama wa sombe na makala, ni Wagenia na nyavu zao, ni mchimba almasi mtoni. Ni nani katika mji huu anayeishi bila kazi yao? Na hapa kwetu wengine wao wana mikono iliyozoea mashini. SOTEXKI, kiwanda chetu cha vitambaa, kilitengeneza vitenge vilivyovaliwa nchi nzima, kisha kikaanza kulegalega kwa miaka na miaka. Mtu akitoka kwenye mashini ya kufuma akaenda kuuza makala, amegeuka naye, lakini kwa kurudi nyuma, na namba ya redio haisemi.

Zahabu nayo inatufundisha. Mgodi mkubwa wa Kibali, huko Haut-Uélé, ulianza kutoa zahabu mwaka 2013, na kila kilo yake inaandikwa. Lakini wajuzi wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2014 kwamba katika zahabu ya wachimbaji wadogo wa Kongo, 98 kwa mia ilikuwa inatoka kwa magendo. Huyo anayeshinda ndani ya shimo, jasho lake linaandikwa katika buku la nchi nyingine.

Kama mwadhani haya ni mambo ya makarani tu, kumbukeni Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu huu. Kongo ilipeleka kesi juu ya Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa ajili ya vita yote ya 1998 mpaka 2003, ikidai zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikaamua dola milioni 325. Upande wetu ulitaja watu 180,000 waliokufa. Waamuzi wakasema ushahidi uliopo unawapeleka kwenye watu kati ya 10,000 na 15,000. Hawakusema wengine hawakufa. Walisema haikuthibitishwa. Marehemu wetu wengi walizikwa bila jina lao kuingia katika buku lolote, na mbele ya waamuzi wakapungua.

Basi tuanze na kilicho karibu. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema kwamba ushuru ambao kampani hulipa juu ya madini iliyouza unagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa Serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komine, sekta au usultani wenye mgodi, na 10 huwekwa akiba kwa vizazi vijavyo. Tena kampani hutoa 3 kwa kila elfu ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya jirani. Ninyi mnaotoka sehemu yenye mgodi wa kampani, mwendeni watatu au wanne, pamoja na mmoja ajuaye kusoma hesabu, mkamwulize mkubwa wa sekta: hiyo 15 ilifika lini, ilikuwa kiasi gani, imeandikwa ukurasa gani? Mkioneshwa ukurasa, nakilini namba mtuletee. Mkiambiwa hakuna ukurasa, andikeni tarehe na jina la aliyewajibu, mtuletee hilo vilevile.